Mja mzito, usidharau kichwa kinachouma

Alikuja kliniki kwangu jioni moja ya Alhamisi, mama wa umri wa miaka 28, karani katika afisi moja ya hapa mjini, mimba yake ya kwanza ikiwa na wiki 31. Hakuja kwa sababu ya mimba. Alikuja kuomba dawa ya kichwa iliyo kali kuliko Panadol.

"Daktari, ni kichwa tu," aliniambia. "Kimeniuma siku tatu. Kazini tunafunga hesabu za mwezi, nafikiri ni uchovu."

Niliona pete yake ya ndoa imening'inia kwenye mkufu shingoni. Nilipomwuliza sababu, alicheka akasema vidole vimefura na pete haiingii tena. Mama mkwe alikuwa amemhakikishia kwamba kufura ni kawaida, kwamba yeye mwenyewe alifura hivyo kwa watoto wake wote.

Nilimketisha kwa dakika tano bila mazungumzo, kisha nikampima presha. Mashine ilionyesha 168 kwa 112. Nilingoja kidogo nikarudia: 170 kwa 112. Kijiti cha kupimia mkojo kilipochovywa, rangi yake iligeuka mara moja, ishara kwamba protini ilikuwa ikivuja kwa wingi kupitia figo. Nikamwambia hangerudi nyumbani usiku ule.

Alishtuka. Alikuwa ameahidi kupikia wageni wa mumewe, na nguo za mtoto hazijanunuliwa. Aliniomba nimwache hadi Jumamosi.

"Mama," nikamwambia, "mpigie mzee simu aje akukute hospitali. Wageni watakula hotelini."

Nitamrudia mama huyu baadaye. Kwanza, msomaji, tuelezane ugonjwa wenyewe, maana ni mojawapo ya maradhi yanayoua akina mama wengi zaidi duniani, na bado ukiuliza watu kumi katika matatu, tisa watakuambia presha ni ugonjwa wa wazee na matajiri.

Ugonjwa unaoanzia kwenye kondo

Daktari husema mja mzito ana shinikizo la juu la damu iwapo vipimo viwili vilivyopishana kwa muda vinaonyesha 140 au zaidi kwa namba ya juu, au 90 au zaidi kwa namba ya chini. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni hali ya dharura, awe mama anajisikia vizuri au vibaya.

Wako wanaoingia katika mimba wakiwa tayari na presha, mara nyingi bila kujua. Wako ambao presha hupanda baada ya wiki ya 20 na kushuka yenyewe baada ya kujifungua. Kundi linalotutia hofu zaidi ni la wale ambao presha hupanda pamoja na madhara kwenye viungo vingine kama figo, ini, damu au ubongo. Hali hii wataalamu huiita prieklampsia. Isipotibiwa, huenda mama akapatwa na kifafa cha mimba, ambacho kitabibu ni eklampsia, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mmweko wa ghafla. Wagiriki walilipatia jina sawasawa. Mama aliyekuwa akiongea nawe dakika moja iliyopita hukaza mwili, macho yakageuka, akaanza kutetemeka mzima.

Chanzo ni kondo la nyuma, kile kiungo kinachomlisha mtoto tumboni. Katika mimba ya kawaida kondo hujishika kwenye ukuta wa tumbo la uzazi na kuipanua mishipa ya damu ya mama ili damu ipite kwa wingi, mithili ya mfereji unaochimbuliwa kabla ya masika. Kwa baadhi ya akina mama kazi hiyo haikamiliki. Mishipa hubaki myembamba, kondo likakosa damu ya kutosha, nalo likamwaga katika damu ya mama kemikali zinazodhuru kuta za mishipa mwili mzima. Kasoro hii hutokea mapema, katika miezi minne au mitano ya kwanza, lakini dalili hungoja. Ndiyo maana mama anaweza kwenda kliniki mwezi wa nne akaambiwa yuko salama, na mwezi wa saba akawa mahututi.

Kwa sababu chanzo ni kondo, tiba kamili ni moja tu: mtoto na kondo watoke. Dawa zote nyingine ni za kununua muda.

Kwa nini huyu apatwe na yule asipatwe, sayansi haijamaliza kueleza. Tunajua hatari huwa kubwa zaidi kwa mimba ya kwanza, kwa wasichana wadogo na kwa akina mama waliopita miaka 35, kwa mimba ya mapacha, kwa wenye kisukari, maradhi ya figo au unene wa kupita kiasi, na kwa mwanamke ambaye mama yake au dadake aliwahi kuugua hivyo. Aliyeugua mimba iliyotangulia yuko katika hatari kubwa zaidi ya wengi. Lakini nimewatibu akina mama ambao hawakuwa na hata moja kati ya hayo.

Idadi yenyewe

Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba prieklampsia huathiri kati ya mimba tatu na nane kwa kila mia moja, na kwamba kila mwaka akina mama wapatao 46,000 hufariki kwa ajili yake, pamoja na watoto karibu 500,000 wanaofia tumboni au punde baada ya kuzaliwa. Gawanya 46,000 kwa siku za mwaka. Utapata abiria wa mabasi mawili makubwa kila siku. Mabasi mawili yakiangukia mtoni kila siku, bila shaka tungesikia.

Watafiti wengine, waliokusanya takwimu za nchi zote za dunia kutoka 1990 hadi 2019, walihesabu vifo vichache zaidi, karibu 28,000 kwa mwaka 2019. Msomaji asishangae kuona tofauti hiyo. Mama aliyefia nyumbani huzikwa bila daktari kuandika chochote, na aliyefia hospitalini huenda cheti kikasema "figo" au "kiharusi". Hata hivyo watafiti hao walionyesha jambo la kuzingatiwa. Vifo vilikuwa vimepungua kwa thuluthi moja hivi tangu 1990, ilhali wagonjwa waliongezeka kutoka milioni 16 hadi milioni 18 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, ugonjwa haupungui. Kinachopungua ni uwezo wake wa kuua pale ambapo watu wametibiwa.

Nchini Uingereza, katika miaka ya 2012 hadi 2014, vifo vya aina hii vilishuka hadi chini ya kimoja kwa kila akina mama milioni moja waliojifungua. Akina mama wa huko hawana miili tofauti na ya wetu. Wanapimwa mara kwa mara, na kipimo kikipanda mtu anafanya jambo siku hiyo hiyo.

Humu nchini, wataalamu walichunguza faili za akina mama 484 waliofariki mwaka 2014, wakachapisha ripoti yao 2017. Shinikizo la damu lilihusika katika vifo 15 hivi kwa kila 100. Lakini lililonikera mimi kama daktari ni jingine: kwa zaidi ya tisa kati ya kila kumi, matibabu waliyopewa yalikuwa na upungufu. Akina mama hao hawakufia msituni. Walikuwa wamefika mikononi mwetu.

Asidhani mtu kwamba huu ni ugonjwa wa maskini tu. Wapenzi wa riadha watakumbuka wanawake wa Marekani walioshinda dhahabu ya mita 100 kwa wanne kupokezana kijiti, mjini Rio mwaka 2016. Allyson Felix, aliyekuwa katika timu hiyo, alipatwa na prieklampsia kali mwaka 2018 akapasuliwa kwa dharura mimba ikiwa na wiki 32. Mwenzake Tori Bowie, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa mita 100 mjini London mwaka 2017, alikutwa amekufa nyumbani kwake Florida mwezi wa Mei 2023, akiwa na miaka 32 na mimba ya miezi minane. Uchunguzi wa maiti ulitaja eklampsia miongoni mwa mambo ambayo huenda yalimwua. Kama mwili uliokimbia kasi ile haukusalimika, mwili wa karani aketiye afisini utasalimika kwa kubahatisha?

Kabati lililofungwa

Mwaka 2006 nilikuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Usiku mmoja aliletwa msichana wa miaka 17 nyuma ya pikapu, nyanyake amemshika kichwa. Alikuwa amepatwa na kifafa mara tatu njiani. Nyanya alikiri kwamba walipitia kwanza kwa mzee mmoja wa kutoa mapepo, kwa kuwa kijijini mtu akianguka na kutokwa povu hilo ndilo linalofikiriwa. Sikumlaumu na simlaumu. Kwa macho ya asiyejua, kifafa cha mimba hufanana kabisa na mtu aliyepagawa.

Dawa inayohitajika kwa mgonjwa kama huyo ni magnesiamu sulfeti. Si dawa mpya wala ya ghali, ni aina ya chumvi. Mwaka 1995 utafiti uliohusisha karibu akina mama 1,700 wenye kifafa cha mimba ulithibitisha kwamba magnesiamu huzuia kifafa kisirudi kuliko diazepamu au fenitoini, dawa zilizokuwa zikitumiwa. Mwaka 2002 ukaja utafiti mkubwa zaidi, wa akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulioonyesha kwamba mama mwenye prieklampsia akipewa magnesiamu kabla ya kifafa kuanza, hatari ya kupatwa nacho hupungua kwa zaidi ya nusu. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma chuoni. Nilikuwa nimeyajibu katika mtihani.

Dawa ilikuwepo hospitalini. Ilikuwa katika kabati lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda nyumbani, kilomita nane kutoka hapo. Tulimdunga diazepamu. Kifafa kikatulia, kikarudi, kikatulia, kikarudi tena. Ufunguo ulipofika baada ya saa moja na nusu, msichana hakuwa na fahamu. Alifariki alfajiri, na mtoto akiwa tumboni.

Aliyekuwa na ufunguo hakuwa mtu mbaya. Aliambiwa dawa zinaibwa, akafunga. Nami nina sehemu yangu katika jambo hili. Kabati lilikuwa la mbao. Nilikuwa na miaka 26, niliogopa kuandikiwa barua, sikulivunja.

Kwa hivyo msomaji, iwapo unatarajia kujifungua, wewe au mkeo, nenda kwenye hospitali mliyoichagua wakati hakuna dharura na muulize: je, mnayo magnesiamu, na usiku iko wapi? Muuguzi mzuri hatakasirika. Ni dawa inayotaka uangalizi, kwani ikizidi huweza kuzuia pumzi, na kwa sababu hiyo muuguzi huhesabu pumzi za mgonjwa, hugonga goti kuona kama mguu unaruka, na hupima mkojo. Wako wahudumu wanaoiogopa kwa sababu hizo. Mimi naogopa zaidi kabati.

Maziwa, omena na tembe ndogo

Je, ugonjwa huu waweza kuzuiwa? Kwa kiasi fulani, ndiyo.

Mwaka 1980 daktari mmoja wa Argentina, José Belizán, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu akina mama wa kabila la Maya nchini Guatemala. Walikuwa maskini, lakini kifafa cha mimba kilikuwa nadra kwao. Walikuwa na desturi ya kuloweka mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kupika, na hivyo chakula chao kilijaa kalsiamu. Kutokana na fikira hiyo zikaja tafiti nyingi, na hivi leo Shirika la Afya Duniani hupendekeza tembe za kalsiamu kwa waja wazito katika nchi ambazo watu hula kalsiamu kidogo. Kipimo cha awali kilikuwa gramu moja na nusu au mbili kwa siku, yaani tembe nyingi kubwa ambazo mama mwenye kichefuchefu hushindwa kuzimeza. Habari njema ni kwamba utafiti uliofanywa Tanzania na India, akina mama 11,000 kila nchi, na kuchapishwa mwaka 2024, uligundua kwamba miligramu 500 kwa siku huzuia prieklampsia sawa na 1,500.

Ugali wetu haulowekwi katika chokaa. Lakini omena wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maziwa lala na sukuma wiki vyote vina kalsiamu. Ukipewa tembe za kalsiamu, usizimeze pamoja na zile za kuongeza damu, zipishane kwa saa kadhaa, kwani moja huzuia nyingine kuingia mwilini.

Dawa ya pili ni aspirini kwa kipimo kidogo. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 kwa akina mama waliopimwa na kuonekana wako hatarini, zilipunguza prieklampsia inayokuja kabla ya wiki ya 37 kwa zaidi ya nusu. Nakusihi usiende dukani kujinunulia. Si kila mja mzito anayehitaji aspirini, na anayeihitaji anapaswa kuianza kabla ya wiki ya 16 ikiwezekana.

Hapo ndipo tatizo letu lilipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba akina mama 98 kati ya 100 humwona mhudumu wa afya angalau mara moja wakati wa mimba, lakini ni 66 tu wanaofika mara nne au zaidi. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mara nane. Wengi huanza mwezi wa tano au wa sita, wakihofia jicho baya au wakiona foleni ndefu. Aspirini hapo imekwisha kupitwa na wakati.

Watu huniuliza kuhusu chumvi na kulala kitandani. Kupunguza chumvi ni vizuri kwa afya ya kila mtu, lakini hakuzuii prieklampsia. Kulala kitandani mchana kutwa nako hakuzuii, ingawa mama aliyechoka ana haki ya kupumzika bila kuuliza daktari.

Jambo jingine kwa wale wanaotumia dawa za presha kabla ya kushika mimba: enalapril, captopril, lisinopril na losartan huweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa figo zake. Usiache dawa ghafla ukakaa bila chochote. Mwone daktari wiki hiyo hiyo akubadilishie, kwani methildopa, labetalol na nifedipini zimetumiwa na waja wazito kwa miaka mingi.

Unapokwenda kliniki, hakikisha umepimwa presha na mkojo kila mara, na matokeo yameandikwa katika kile kijitabu cha mama na mtoto. Usikubali kupimwa ukiwa umetoka mbio kwenye ngazi, au mkanda ukifungwa juu ya sweta. Keti, egemea, mkono uwe usawa wa moyo. Mkono mnene unahitaji mkanda mpana, la sivyo mashine itadanganya.

Na usingoje tarehe ya kliniki ukiumwa kichwa kisichosikia Panadol, ukiona vimulimuli au ukungu machoni, ukipata maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kwenye chembe ya moyo, uso na mikono ikifura ghafla, ukikosa pumzi au mtoto akipunguza kucheza. Maumivu yale ya chini ya mbavu hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo, na akina mama wengi wamepoteza siku mbili wakinywa dawa ya asidi ilhali ini ndilo linalolia. Mtu akianguka kifafa mbele yako, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, tafuta gari.

Wengi hufikiri hatari huisha mtoto akilia. La. Kifafa huweza kuja siku za kwanza baada ya kujifungua, mara nyingine hata baada ya wiki kadhaa, wakati mama yuko nyumbani analishwa uji na wageni wanamiminika. Kichwa kinachouma wakati huo kina uzito ule ule. Isitoshe, aliyewahi kupata prieklampsia ana hatari takriban mara mbili ya wengine ya kuugua moyo au kiharusi miaka ya baadaye. Anapaswa kupimwa presha kila mwaka maisha yake yote, na amwambie kila daktari atakayemtibu.

Yule karani alifika hospitali saa tatu usiku, mumewe akamkuta huko. Walimpa magnesiamu, dawa za kushusha presha, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Madaktari walinunua siku tatu. Siku ya nne presha ilikataa kushuka, wakampasua. Msichana alizaliwa na kilo moja na gramu mia tatu, akakaa kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, na mara nyingine kifuani pa baba, kwa wiki tano kabla ya kuruhusiwa nyumbani.

Sasa yuko shule ya chekechea. Mama huja kwangu kila Januari kupimwa. Mwaka huu alikuwa 134 kwa 86, na nimemwambia arudi baada ya miezi mitatu. Ile pete amerudi kuivaa kidoleni.